Baiskeli Haina Bodi

Gari haliulizwi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya gereji alikofanya kazi Puti, na ukitaka kumjua mtu huyu anzia hapo. Mteja anakuja asubuhi na mapema, gari limebonyea ubavu, anasema amegonga nguzo. Wewe unaangalia unajiuliza ni nguzo gani hiyo inayovaa shati, maana uzi wa nguo umenasa kwenye taa. Lakini huulizi. Unasema, "Pole bosi, litakuwa jipya," unachukua msasa unaanza kazi. Mwenye gereji alikuwa akiwaambia kwamba fundi anayeuliza sana hulala njaa, na Puti alilishika neno hilo kuliko wenzake wote.

Jina lake la kuzaliwa hata mkewe hakulitumia. Puti ni ile dawa nzito ambayo mafundi wa rangi hujazia mashimo ya bodi ya gari kabla ya kulipiga rangi, na yeye ndiye alikuwa bingwa wake. Alikuwa anapaka, anasugua, anafumba macho na kupapasa kwa kiganja, kisha anapaka tena. Akimaliza, hata aliyeligonga gari lenyewe angekuonyesha mlango mwingine. Vumbi la msasa lilikuwa limemkaa kwenye nyusi miaka nenda miaka rudi, watoto wa mtaani wakadhani ni mvi. Mwenyewe alijigamba: "Ufa wowote mimi naufuta. Usipoziba ufa utajenga ukuta." Kweli, wahenga walisema hivyo. Ila hawakusema kila ufa unazibwa kwa dawa ileile, na hilo Puti hakulifikiria hata siku moja.

Sasa, alikuwa na binti, kitindamimba wake, waliyemwita Sisimizi kwa sababu ya umbo lake dogo na kwa sababu hakuna aliyewahi kumkuta amekaa. Binti huyu alifanya kazi kwa dobi, kazi ya kupeleka nguo zilizopigwa pasi kwa wenyewe. Alikuwa akiendesha baiskeli ya dobi, nyeusi, nzito, yenye kapu la waya mbele na tenga nyuma. Kati ya duka la dobi na nyumba za wenye mashuka mengi kuna kilima cha machimbo ya mawe. Wanaume wazima wakifika pale hushuka wakasukuma. Sisimizi alikipanda ameketi, tenga limejaa, anaimba. Siku moja kocha wa timu ya baiskeli alimwona, akamfuata na gari taratibu mpaka kileleni, akashusha kioo.

"Wewe binti, humo umebeba nini?"

"Mashuka ya watu. Shikamoo."

"Marahaba. Mwisho wa mwezi tuna majaribio hapahapa kilimani. Njoo. Lakini uje na baiskeli ya mbio. Nikikupima na hilo zigo nitakuwa nakuonea."

Timu ile ilikuwa inalipa mshahara, na ukishachaguliwa unapewa baiskeli, daktari na safari. Ila mlangoni lazima uingie na ya kwako. Sisimizi alimweleza mama yake jikoni kwa sauti ya chini, kisha akalia kidogo, kwa sababu baiskeli mpya ya mbio bei yake ni ya kiwanja. Puti alikuwa nyuma ya pazia anavua viatu, akasikia yote.

"Tukope?" mkewe akamuuliza baadaye.

"Tukope ya nini na mitumba imejaa? Kitu cha zamani ni kipya kilichokosa msasa tu, mama watoto."

Alizunguka sana. Sokoni alikuta baiskeli zinazoning'inia kwenye kamba kama samaki, nyingine rimu zimepinda, nyingine gia zimeoza, na zile nzima wenyewe walitaja bei bila hata kumtazama usoni. Alikuwa karibu kukata tamaa alipoambiwa na mteja mmoja kwamba ng'ambo ya machimbo kuna mama anauza, tena anataka iondoke haraka. Neno haraka lingemshtua mtu mwingine. Puti lilimfurahisha.

Mama mwenyewe alikuwa mfuma sweta. Mashine yake ya kufumia ilionekana sebuleni kupitia mlango, na nyuzi za sufu zilikuwa zimemganda kwenye nguo. Alimpeleka uani, akaonyesha kwa kidole tu. Baiskeli ilikuwa nyuma ya pipa la maji, imefunikwa shuka. Puti akaifunua mwenyewe. Tairi nyembamba, gia zote zipo, usukani umejikunja kama pembe za kondoo. Rangi ilikuwa imechubuka vibaya kwenye shingo, pale mabomba ya fremu yanapokutana na usukani, lakini rangi ndiyo ilikuwa kazi yake. Moyo ukamcheza. Mle ndani ya nyumba gongo lilikuwa linagonga sakafu, likanyamaza, likagonga tena. Kuna mtu alikuwa anajifunza kutembea.

Puti akataja bei ya kuanzia, ile bei ya matusi ambayo mnunuzi huitaja ili apigiwe kelele.

"Sawa," akasema mama.

Puti akabaki ameduwaa. Mama akatazama dirisha, kisha akamtazama yeye.

"Ataipanda nani?"

"Binti yangu. Anakwenda majaribio ya timu."

Mama akaondoa nyuzi kwenye vidole, mmoja mmoja. "Basi nipe nusu ya hiyo," akasema.

Jamani, umewahi kuona muuzaji anajipunguzia mwenyewe? Hata mtoto aliyetumwa chumvi angerudi nyumbani mbio kuuliza. Lakini Puti aliona mlango wa heri umefunguliwa, akaogopa usifungwe.

"Huna la kuniuliza, baba?" mama akasema.

"Niulize nini, mama? Macho ninayo."

"Watu huwa wanauliza."

"Mimi ni fundi. Nikishaona, nimeona."

Wapo watu wa namna ile. Hawana nguvu ya kusema, lakini ukiwauliza hawawezi kudanganya. Mama alisimama pale akisubiri, mpaka Puti akamshikisha pesa mkononi. Akazipokea bila kuzitazama, akamfungulia lango, na Puti alipotoka tu akasikia komeo likirudishwa.

Kesho yake wakati wa mapumziko aliifungua baiskeli pale gereji na kuanza kuisugua. Rangi ya zamani ikatoka kama magamba. Chini ya shingo, kwenye bomba la chini, akakuta mstari. Ulikuwa mwembamba kama unywele, umezunguka bomba kwa upande. Akapitisha ukucha, ukucha ukakwama.

Mtu asiye fundi angekwenda kuuliza. Fundi wa baiskeli angeitupa fremu ile bila hata kuuliza. Lakini huyu alikuwa fundi wa bodi za magari, na maisha yake yote ukucha ukikwama dawa yake ni moja. Akakoroga puti, akaujaza mstari, akausubiri ukakauka, akausugua mpaka kiganja kikateleza. Kisha akaipiga rangi ya bluu iliyobaki kwenye kopo, bluu ya gari la mheshimiwa mmoja ambaye naye, wanasema, aligonga nguzo. Ikang'aa mpaka wenzake wakaacha chai wakaja kuitazama.

Sisimizi alipoiona aliushika usukani kwa mikono miwili. Akamkumbatia baba yake na vumbi lake lote. Mama yake ndiye aliyeizunguka kimyakimya, mikono kiunoni.

"Umesema umeipata kwa bei gani?"

Puti akarudia bei, kifua mbele.

"Mh. Vya rahisi ni ghali, baba. Usije ukawa umeuziwa mbuzi kwenye gunia."

"Gunia nimelifungua kwa mikono yangu nikalishona upya. Acha maneno, mama watoto, mwache mtoto afurahi."

Binti naye hakuwa mjinga. Aliipeleka kwa fundi baiskeli wa pale kona ili ikazwe breki. Fundi akaigongagonga, akaigeuza juu chini, akapitisha mkono kwenye mabomba. "Fremu safi," akasema. "Na huyu aliyepiga rangi, mwambie namvulia kofia." Sisimizi akamletea baba yake sifa hizo jioni, na Puti akalala akitabasamu. Hebu fikiria. Yule mtu mmoja ambaye angeweza kuuona ufa aliupapasa kwa vidole vyake, akasifia rangi.

Siku chache zikapita, baiskeli ikaanza kulia.

"Baba, ina mlio. Nikikanyaga kwa nguvu kupanda, inasema kwii. Kama mlango wa kabati."

"Siti hiyo. Tia grisi."

Akatia grisi. Ikanyamaza, kisha ikaanza tena. Safari hii ililia hata kwenye tambarare.

"Inatokea mbele, baba, sio kwenye siti."

"Baiskeli mpya kwako, lazima mzoeane," Puti akasema, na mwenyewe akasikia jinsi sauti yake ilivyokuwa kavu. Mkewe alikuwa anakunja nguo. Akaacha kukunja.

Puti alikuwa na desturi ya kuifuta ile baiskeli kila alfajiri kwa kitambaa laini, kabla nyumba haijaamka. Alipenda kuiona inavyometa. Zikiwa zimebaki siku mbili kufika majaribio, kitambaa kilinasa. Kilinasa palepale chini ya shingo. Akainama, akaigeuza kwenye mwanga. Rangi yake ilikuwa imepasuka, kimstari kidogo, kimezunguka bomba kwa upande.

Kuna jambo moja Puti alilijua kuliko alivyojua umri wake, kwamba rangi haipasuki bure. Rangi iliyopigwa vizuri ikipasuka ujue chini yake kuna kitu kinacheza. Alichuchumaa pale na kitambaa mkononi, akimsikia binti yake akikoroma kidogo upande wa pili wa ukuta, na akapiga hesabu za mtu mwoga. Akisema, hakuna baiskeli nyingine. Bila baiskeli hakuna majaribio. Na mtoto atajua kwamba baba yake alikuta ufa akaupaka. Akawaza pia kwamba huenda ni rangi tu, huenda praima, ile rangi ya chini, haikukauka, huenda hili, huenda lile. Alikuwa mtu mzima na alijua anajidanganya. Aliogopa, tuseme wazi, na woga wake akautafutia brashi. Alichukua kile kichupa kidogo cha kugusia mikwaruzo, akapitisha bluu mara moja, akapuliza ikakauka. Kisha akaingia ndani kunywa chai.

Siku ya majaribio Sisimizi alivaa raba na kofia ya kuazima.

"Utakuja, baba?"

"Kazi zimebanana, mwanangu. Nitakupokea ukirudi."

Ukweli ni kwamba asingeweza kutazama. Alikwenda gereji, akachukua gari lililokuwa limebandikwa magazeti kwenye vioo vyote tayari kwa rangi, akaanza kulisugua sehemu ambayo alikwisha kuisugua jana. Jirani yake wa kazi aliitwa Nyundo, mnyoosha bodi, mtu wa utani mwingi na masikio mabovu kwa kelele za kazi. Walipokaa kunywa chai Nyundo akamgusa bega.

"Leo ndiyo leo, baba wa bingwa. Bluu ya mheshimiwa inapanda kilima. Wewe mbona umenyong'onyea?"

"Sijanyong'onyea." Puti akazungusha kikombe. Akajaribu kucheka. "Kulikuwa na kaufa kadogo pale shingoni, nikakaziba. Basi nawaza tu."

Nyundo akaweka kikombe chini. "Rudia."

"Kaufa. Chini ya shingo."

"Kwenye fremu yenyewe? Umekaziba kwa kitu gani?"

"Kwa puti, Nyundo. Kama kawaida."

Utani wote ukamtoka Nyundo usoni. "Ndugu yangu," akasema, "kwenye gari bodi ni nguo tu. Ukiziba nguo hakuna neno, chasisi iko chini inabeba. Baiskeli haina bodi. Baiskeli yote ni chasisi." Kisha akauliza, "Uliinunua wapi?"

"Kwa mama mmoja mfuma sweta, ng'ambo ya machimbo."

"Yule ambaye mwanawe aliingia na baiskeli kwenye ubavu wa lori?"

Kumbe walijua. Mafundi watatu waliokaa pale wote waliitikia kwa kichwa, kila mmoja alikuwa na habari ya kijana yule na mguu wake ulioumia. Mtu mmoja tu katika gereji nzima ndiye hakuwa nayo, kwa sababu hakuuliza.

Puti alisimama. Gari lililokuwa karibu lilikuwa lile la magazeti, na ufunguo ulikuwa ndani. Nyundo akarukia usukani, akachana gazeti upande wake kiasi cha kuona barabara. Puti alikaa kando yake kwenye giza, amezungukwa na habari za mwaka jana, haoni wanakokwenda. Alikuwa anasikia tu injini na moyo wake. "Twende," alikuwa anasema. "Twende, twende." Hakujua kama anasema kwa sauti.

Walifika chini ya kilima wakakuta barabara imefungwa kwa kamba. Watu wamejipanga kandokando, kocha yuko mwisho wa tambarare na saa yake mkononi. Waendeshaji walikuwa wamekwisha kupanda kwa upande wa pili na sasa walikuwa karibu kutokea kileleni washuke, mmoja mmoja, kama mawe yaliyorushwa. Puti akavuka kamba, akainua mikono yote miwili ili amsimamishe mwanawe. Nyundo akamkamata na kuishusha.

"Usimsimamishe! Akikamata breki ya mbele, uzito wote unashukia palepale kwenye ufa."

"Nifanye nini sasa?"

"Usifanye kitu. Mwache apite. Akikuona una hofu atafunga breki."

Basi sikia adhabu aliyopewa mtu huyu. Alisimama kando ya mteremko, na kule juu bluu ikatokea. Sisimizi alikuwa mbele ya wote, ameinama, mdogo kuliko baiskeli yenyewe. Puti alitaka kulia, alitaka kujitupa barabarani awe godoro. Badala yake ilimbidi afanye kile alichokifanya maisha yake yote. Aliuziba uso wake. Alitabasamu, akainua mkono mmoja taratibu kama baba aliyekuja kushangilia, akaushikilia pale juu usitetemeke. Sisimizi akamwona. Akacheka kwa meno yote. Akapita kwa upepo, na katika upepo ule Puti akausikia wazi ule mlio, sio kwii tena bali mfululizo, kama panya kwenye dari.

Kisha tambarare ikampokea. Baiskeli ikapunguza mwendo yenyewe, ikapunguza, ikapunguza, na Sisimizi akaweka mguu chini mbele ya kocha bila kugusa breki.

Puti hakujua alifikaje pale. Alisikia kocha akisema wa kwanza, akaona watu wakimpiga binti mgongoni, akamsikia mwenyewe akisema, "Baba, umekuja." Akamwondoa kwenye baiskeli kwa kumshika kiunoni kama mtoto mchanga, akailaza chini, akatoa mfukoni kisu chake cha puti. Akakwangua. Bluu ikatoka, praima ikatoka, dawa nyeupe ikamwagika kama unga. Akaweka goti juu ya bomba, akaukandamiza usukani kwa mikono miwili, na shingo ikafunguka mdomo mbele ya watu wote.

Kocha aliinama, akachungulia, akanyanyuka amebadilika rangi. "Nani alipaka hii?"

"Mimi," akasema Puti.

Sisimizi alikuwa bado ameshika kofia yake. Hakuuliza nani alipaka, hilo alilijua. "Ulijua, baba?"

Mtu huyu alikuwa na majibu mengi yanayong'aa. Alikuwa nayo tangu ujana, kwa kila mteja na kila mbonyeo. Safari hii hakulitumia hata moja.

"Nilijua," akasema. "Tangu juzi. Nikapaka tena."

Binti yake hakulia. Aliitazama ile shingo iliyofunguka, akatazama kilima, na Puti akaona jinsi macho yake yalivyokuwa yanashuka mteremko ule upya, polepole, kuanzia juu mpaka chini. Kocha akamwambia kwa upole kwamba ameingia timu, Jumatatu aje achukue baiskeli. Akajibu, "Asante, kocha," kwa adabu zake zilezile, lakini furaha haikuwepo. Baba yake ndiye aliyekuwa ameichukua.

Nyundo akasogeza gari karibu, akatoka kumfungulia binti mlango wa nyuma. Lilikuwa na magazeti yake vilevile, ubavu mmoja umekwisha kupata praima, laini kama kioo. Sisimizi akalikaribia. Akagonga ule ubavu kwa kifundo cha kidole, akatega sikio, akagonga tena.

"Na hili," akamuuliza baba yake, "liligonga nini?"

Puti akafungua mdomo. Vumbi jeupe lilikuwa limemjaa mikononi.

"Sijui," akasema. "Sikuuliza."

Sisimizi akatikisa kichwa, akakaza kamba za raba zake, akaanza kurudi nyumbani kwa miguu.